Wallenstein wa chelo na Wallenstein kondakta: ni mtu mmoja?

Swali la msomaji: "Mwalimu, shikamoo. Mwanangu ana miaka 14 na anajifunza chelo, ile fidla kubwa inayopigwa ukiwa umekaa, huu mwaka wa 3. Siku hizi kazi yake ni kusaka rekodi za zamani kwenye intaneti, na kuna jina moja limetuchanganya. Kwenye rekodi ya 1932 ya Don Quixote ya Richard Strauss wameandika Alfred Wallenstein, chelo. Halafu kwenye rekodi ya 1953, mpiga fidla Heifetz akipiga koncheto ya Korngold (kazi ya chombo kimoja mbele ya okestra), wameandika Alfred Wallenstein, kondakta. Ni mtu mmoja au baba na mwana? Na kama ni mmoja, mtu aliyefika mpaka kurekodi na okestra ya New York anaachaje chelo? Nauliza manake hapa nyumbani mashangazi zake wameshaanza kumwambia chelo haimlishi mtu."

Marahaba ndugu yangu, na mpe salamu kijana, manake kugundua jina limejirudia kwenye karatasi mbili zilizopishana miaka 21 sio jambo la kila mtoto. Ni mtu mmoja. Alfred Wallenstein, kazaliwa Chicago tarehe 7 Oktoba 1898, kafariki New York Februari 1983 akiwa na miaka 84. Huo muziki wa Don Quixote wenyewe ulipigwa hadharani mara ya kwanza Machi 1898, kwa hiyo unamzidi umri kwa miezi 7 tu. Na kondakta hapa ni yule anayesimama mbele ya okestra na kile kijiti, sio konda wa daladala, naliweka wazi mapema manake kuna mtu alinishikia bango siku nzima kwa neno hilo.

Sasa hilo la "anaachaje chelo" ndilo linalonifanya niandike kirefu, kwa sababu ukilitazama vizuri utaona jamaa hakuacha kwa kushindwa wala kwa kuchoka, na ukimwambia mtoto kwamba aliacha utakuwa umempa hadithi nusu.

Familia yao ilihama Chicago ikaenda Los Angeles akiwa bado mdogo. Kuna hadithi inasimuliwa kila anapotajwa, kwamba alipokaribia kutimiza miaka 8 baba yake alimwambia achague zawadi, baiskeli au chelo, naye akachagua chelo. Mimi nikisikia hadithi za namna hii huwa naziacha zipite tu, watoto wa miaka 8 huwa wanachagua baiskeli, lakini hii imeshikilia na yeye mwenyewe hakuikana basi tuiache ilivyo. Cha muhimu zaidi kwangu ni nani alimfundisha. Alikuwa mama mmoja mpiga chelo hapo hapo Los Angeles, mama yake Ferde Grofé, yule Grofé ambaye baadaye aliipangia vyombo Rhapsody in Blue ya Gershwin mwaka 1924. Yaani sio profesa wa ng'ambo mwenye ndevu, ni mama wa mtaani mwenye chelo yake na familia nzima inayokula kwa muziki. Mtoto anayefundishwa na mtu anayefanya kazi hiyo kila wiki anajua mapema kwamba muziki ni kazi, una saa ya kuingia na saa ya kutoka, na kuna bosi.

Na kweli kazini aliingizwa mapema mno. Kabla hajafika utu uzima alishakuwa anazungushwa kwenye kumbi za Orpheum kama mtoto wa maajabu wa chelo. Orpheum ulikuwa mtandao wa kumbi za vodevili, burudani mchanganyiko, unalipa tiketi moja unaona mchekeshaji, mbwa waliofundishwa, mtu wa sarakasi anayerusha visahani, dada anayeimba, na katikati yao kijana na chelo lake linakaribia kumzidi kimo. Ukitoka hapo anaingia mwingine. Una dakika zako chache, watu wanakula njugu, hawajaja kwa ajili yako, na kama hujawashika kwenye noti za mwanzo basi umewapoteza. Wanamuziki wengi wa "muziki wa juu" huwa wanaona aibu kuutaja ukurasa huo kwenye maisha yao. Mimi naona ni shule ambayo konsavatori yoyote, yaani chuo cha muziki, haina. Kwetu mtu aliyepiga fidla harusini Mji Mkongwe, akina mama wanatunza, watoto wanakatiza mbele ya jukwaa, umeme unakatika, na wimbo haukusimama, huyo hata umweke wapi hatetemeki.

Mwaka 1916, kijana wa miaka 17 hivi, akaingia San Francisco Symphony chini ya kondakta Alfred Hertz. Halafu ikaja safari ambayo mimi ningempa mwanao aisome mara mbili. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mchezaji bale Mrusi Anna Pavlova alikuwa amekwama upande wa Amerika na kundi lake, Ulaya hakurudiki, basi akawa anazunguka Amerika ya Kati na Kusini mji kwa mji. Wallenstein akachukuliwa kama mpiga chelo wa msafara. Na kazi yake kubwa ilikuwa kipande kimoja tu kifupi, Bata Maji wa Saint-Saëns, ambacho Pavlova alikichezea ile ngoma yake maarufu ya bata maji anayekufa.

Kipande hicho mwanao bila shaka ameshakigusa, kila mwanafunzi wa chelo anakipitia mwaka wa 3 au wa 4, na kila mmoja anadhani ni rahisi. Kiko kwenye ufunguo wa G kubwa, taratibu, kinaanza kwa noti ya G kisha wimbo unashuka kama mtu anayeteremka majini bila kurusha tone. Dakika 3 hivi na kimekwisha. Shida haiko kwenye vidole, iko mkono wa kulia. Upinde wa chelo una kama sentimita 70 za mti, na ndani ya urefu huo una noti ndefu ambazo hazitaki kusikika ulipogeuzia upinde. Ukikimbia mwanzoni, unafika mwisho wa upinde na noti bado inadai. Ukibana, sauti inakuwa nyembamba kama mbu.

Sasa fikiria unapiga hicho kipande huku mwanamke yuko jukwaani amesimama kwenye ncha za vidole vya miguu, anatetemesha mikono, na pumzi yake leo sio ya jana. Jana alikunja goti polepole, leo kachoka na safari, au sakafu ya ukumbi huu ina mteremko. Huwezi kuhesabu tu moja mbili tatu ukaenda zako. Inabidi macho yako yawe kwenye mwili wake na upinde wako uongozwe na pumzi yake, akichelewa unachelewa, akianguka mapema uwe umeshafika. Na hiyo usiku baada ya usiku, mji baada ya mji. Mtu akiniuliza Wallenstein alijifunza wapi kuongoza okestra, wengine watasema kwa Toscanini, yule kondakta wake wa New York tutakayemfikia, mimi nasema alianza pale, nyuma ya bata maji.

Nitoke nje ya njia kidogo kuhusu nyuzi, manake hili watu wanalisahau. Chelo za miaka hiyo hazikuwa na nyuzi za chuma kama hizi tunazonunua leo. A na D zilikuwa za utumbo wa mnyama mtupu, G na C za utumbo uliozungushiwa waya. Utumbo unakunywa unyevu. Nilishawahi kufunga seti ya utumbo kwenye chelo yangu kwa ukaidi tu, nikitaka nisikie wazee walisikia nini, ilikuwa masika hapa Unguja, na ndani ya wimbo mmoja wa taarab D ilikuwa imelegea nusu noti, A ikakatika katikati ya bashraf, ule muziki wa vyombo vitupu wa kufungulia, na mpiga kanuni akanitazama jicho ambalo silisahau. Basi huyu kijana alikuwa anasafiri na nyuzi kama hizo kwenye joto la tropiki, na bado bata maji ilibidi afe kwenye sauti sahihi.

Aliporudi, mwaka 1919 ikaanzishwa Los Angeles Philharmonic, tajiri William Andrews Clark mdogo katoa hela, kondakta Walter Henry Rothwell, na Wallenstein akawa miongoni mwa waliokaa kwenye viti vya chelo msimu wa kwanza kabisa. Shika hilo, tutalirudia. Hakukaa. 1920 akavuka bahari kwenda Leipzig, Ujerumani, kwa mwalimu Julius Klengel.

Klengel ni jina la kumkariria kijana. Alikuwa chelo kiongozi wa okestra ya Gewandhaus tangu 1881, zaidi ya miaka 40 kiti kimoja, na kwenye darasa lake wamepita Feuermann na Piatigorsky, vigogo wawili wa chelo wa karne nzima. Lakini tazama Klengel mwenyewe alikuwa nani, mtu wa kiti cha okestra. Alisafiri na kupiga solo ndio, alitunga pia, mwaka huo huo wa 1920 aliandika Hymnus ya chelo 12 kumtunukia kondakta wake Nikisch alipofikisha miaka 65, ni kipande kizuri sana mtafute. Ila nyumbani kwake kulikuwa ndani ya okestra. Wallenstein alipomtazama mwalimu wake aliona hivyo, kwamba mtu anaweza kuwa bingwa wa dunia na bado asubuhi akawahi mazoezi ya okestra kama watu wengine.

Mwaka 1922 akarudi Marekani kama chelo kiongozi wa Chicago Symphony, mji aliozaliwa, ana miaka 23 kwenda 24. Akakaa mpaka 1929, na miaka ya mwisho pale alikuwa pia anafundisha Chicago Musical College. Kondakta wake Frederick Stock naye alikuwa ametoka kwenye kiti, alijiunga na okestra hiyo hiyo kama mpiga viola, ile fidla kubwa kidogo, na kondakta wake Theodore Thomas alipofariki 1905 akakabidhiwa okestra nzima. Unaona sura ya jambo inavyoanza kujichora.

Hapa nieleze chelo kiongozi anafanya nini, manake mashangazi wakisikia "kiongozi" watadhani ni cheo cha kukaa mbele tu. Chelo kwenye okestra kubwa wako kama 10 au 12. Yule wa kwanza ndiye anayeamua pinde zote ziende juu au chini kwenye noti ipi, na anaiandika kwa penseli kwenye karatasi yake na wengine wote wanainakili. Ukiona pinde zote za chelo zinapanda na kushuka pamoja kama makasia ya mtumbwi mmoja, hiyo ni kazi yake ya nyumbani. Kukiwa na solo ni yake. Kondakta akitaka sauti nyeusi zaidi hasemi na watu 12, anamtazama mmoja. Na huyo mmoja anageuza mwili kidogo tu, anavuta upinde karibu na daraja la nyuzi, na wale 11 nyuma yake wanamfuata bila neno. Yaani tayari ni kondakta, ila anaongoza kwa mgongo.

Na kuna jambo la mahali alipokaa. Mpiga fidla wa kwanza anasikia zaidi wimbo, mpiga besi anasikia zaidi msingi. Chelo yuko katikati, dakika hii anabeba msingi, dakika ijayo kapewa wimbo, dakika ya tatu anasindikiza filimbi. Anaisikia nyumba nzima, jikoni na sebuleni. Sidhani ni bahati kwamba makondakta wengi wametoka kiti hicho. Victor Herbert, aliyefika New York mwaka 1886 kupiga chelo Metropolitan Opera, aliishia kuongoza okestra ya Pittsburgh kuanzia 1898, na koncheto yake ya pili ya chelo, 1894, ndiyo iliyomsukuma Dvořák aandike yake. Hans Kindler alitoka chelo ya Philadelphia akaanzisha National Symphony ya Washington mwaka 1931. Barbirolli wa Uingereza, chelo. Na huyo tunayemwendea sasa, Toscanini, naye chelo.

Lakini kwanza swali la mashangazi, mbona hakuwa mpiga solo akala hela zake peke yake. Ndugu yangu, mwaka 1925 ukihesabu koncheto za chelo ambazo ukumbi wa Marekani ungekubali kuzinunulia tiketi, unamaliza kwa vidole vya mikono miwili na kimoja kinabaki. Haydn, Boccherini, Schumann, Saint-Saëns, Lalo, Dvořák, ile ya Elgar ya 1919 bado mgeni kabisa. Fidla na piano wana maktaba. Na watu walikuwa hawana mazoea ya kukaa jioni nzima na chelo peke yake. Mpiga chelo Casals ndiye aliyewazoesha dunia, na Casals alikuwa mmoja. Kwa hiyo mpiga chelo Mmarekani mwenye akili alikuwa anatafuta kiti kizuri, mshahara wa msimu, wanafunzi, solo mara chache kwa mwaka okestra yake mwenyewe ikimsindikiza. Hayo sio kushindwa, ndivyo soko lilivyokuwa.

1929 akaitwa New York Philharmonic, chelo kiongozi wa Arturo Toscanini. Pale ndipo kilele. Toscanini alikuwa haoni vizuri kwa mbali, kwa hiyo aliongoza kila kitu kichwani bila karatasi, na akisikia noti moja ya viola sio yenyewe anajua nani. Akikasirika anavunja kijiti, anatukana Kiitaliano. Kukaa mbele ya mtu huyo miaka 7, mita mbili kutoka kwenye ghadhabu yake, na akawa anakuamini, sio mchezo.

Na hapa kuna historia ambayo lazima ilikuwa inazunguka kichwani mwa wote wawili. Mwaka 1886, Toscanini ana miaka 19, alikuwa mpiga chelo kwenye kundi la opera la Kiitaliano lililosafiri Brazil. Kule Rio de Janeiro kukatokea ugomvi, kondakta kajitoa, aliyeingia badala yake kazomewa na ukumbi, na usiku ule ilikuwa Aida ya Verdi. Wenzake wakamsukuma kijana wa chelo apande. Akapanda, akafunga kitabu cha noti, akaiongoza opera nzima kwa kichwa. Tangu hapo alikuwa kondakta, ingawa mwaka uliofuata alirudi kukaa chelo ya pili La Scala ili tu awepo Otello ya Verdi inapofunguliwa. Basi mtu mwenye historia hiyo alipomtazama Wallenstein akaona kitu, akawa anamsukuma naye ashike kijiti. Ushauri huo ukitoka kwa mtu mwingine unaweza kuudharau. Ukitoka kwa aliyepitia mlango uleule, unaenda kununua kijiti.

Sasa ile rekodi ya 1932. Kondakta Beecham kutoka Uingereza alikuwa mgeni New York, akairekodi Don Quixote na okestra hiyo, René Pollain kwenye viola na Wallenstein kwenye chelo. Mwambie kijana asiisikilize kama koncheto, sio koncheto. Strauss aliandika sehemu hiyo kwa chelo kiongozi akiwa kwenye kiti chake, ndani ya okestra. Chelo ni Don Quixote, yule mzee aliyesoma vitabu vya mashujaa mpaka akili ikaruka, viola ni Sancho mtumishi wake mbishi. Chelo inaota, inajigamba, inashambulia vinu vya upepo, inapigwa, inarudi nyumbani.

Na kumbuka zilikuwa santuri za spidi ya 78, upande mmoja unabeba dakika 4 na kidogo. Kazi ina kama dakika 40. Maana yake unapiga dakika 4, unasimama, mafundi wanabadilisha sahani ya nta ya kurekodia, kimya, taa, unaanza tena ulipoishia na hisia ileile kama hakuna kilichotokea. Hakuna kukata na kuunganisha. Ukikosea dakika ya tatu, upande mzima unarudiwa na watu karibu 100 wanakutazama wewe.

Aende mwisho kabisa, kifo cha mzee. Chelo inaimba wimbo wake wa mwanzo lakini umetulia, kichaa kimemtoka. Halafu kuna mteremko mmoja, kidole kinateleza juu ya uzi kwenda chini, pumzi ya mwisho. Wapo wanaoufanya mteremko huo kama sinema, unasikia mtu anaomba makofi. Wallenstein anaupitisha tu. Kama mzee aliyelala na mkono ukateleza kitandani. Kelele za santuri zinakwaruza juu yake na bado nywele zinasimama. Mimi kwangu hapo ndipo unaposikia miaka ya bata maji.

Huku anakalia kiti, tayari alikuwa ameanza kuongoza. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alisimama mbele ya okestra kwenye redio na 1932 huo huo Hollywood Bowl. Mwaka 1933 akaunda okestra yake ndogo, Wallenstein Sinfonietta, kwenye redio ya WOR, kituo cha New Jersey na New York kilichoanzishwa 1922 na duka la Bamberger. Ndiyo, duka. Walikuwa wanauza redio, basi wakaona lazima redio iwe na kitu cha kusikiliza. 1935 akawa mkurugenzi wa muziki wa kituo, na 1936, Toscanini alipoondoka Philharmonic, Wallenstein naye akaweka chelo chini kama kazi ya mshahara.

Watu wanaipita hii miaka ya redio haraka, mimi sipiti. Alichofanya pale ni cha ajabu. Alikuwa anarusha kantata za Bach, kazi za waimbaji na okestra, wiki baada ya wiki, wakati ambapo wengi wa waliosikiliza hawajawahi kuzisikia popote. Msimu wa 1939 na 1940 akapiga koncheto za piano za Mozart zote, mpiga piano Nadia Reisenberg, mfululizo, kwenye kituo kilichozaliwa dukani. Na yote laivu. Saa ya ukutani inakutazama, kipindi kinaisha kwa sekunde, Mozart kamaliza au hajamaliza. Mtu aliyezoea dakika zake za Orpheum katikati ya mbwa na visahani hilo halimtishi.

Kisha 1943 Los Angeles Philharmonic wakamwita awe mkurugenzi wa muziki. Okestra ile ile aliyokaa kwenye chelo msimu wa kwanza, miaka 24 nyuma. Otto Klemperer alikuwa ameiacha 1939 kwa uvimbe wa ubongo, wakawa wanaishi kwa makondakta wageni. Wakati huo okestra kubwa za Marekani karibu zote zilikuwa mikononi mwa wazaliwa wa Ulaya, ndiyo maana mara nyingi Wallenstein anatajwa kama Mmarekani wa kuzaliwa wa kwanza kukabidhiwa moja kati ya hizo kubwa. Akakaa mpaka 1956, mwaka ambao okestra ilifanya ziara ya Asia.

Nikuambie ukweli, kama kondakta sio wa kukuinua kwenye kiti. Ukitaka moto nenda kwa Toscanini mwenyewe. Lakini mpe mtu wa kumsindikiza uone. Heifetz alipoenda kurekodi koncheto ya Korngold Januari 1953 alikuwa na Wallenstein nyuma yake, na mpiga piano Rubinstein alimchukua mara kadhaa, ikiwemo koncheto ya Grieg ya 1961. Hao wawili hawakuwa watu wa kuvumilia kondakta anayewakanyaga mguu. Sikiliza Korngold sehemu ya pili, fidla inachelewa kidogo juu kabisa kabla ya kushuka, na okestra iko pale pale inaisubiri, haisukumi, haivuti. Kijana aisikilize hiyo halafu arudi Bata Maji, atacheka mwenyewe.

Baadaye akafundisha Juilliard, chuo cha muziki cha New York, kuanzia 1968, akasimamia mafunzo ya okestra huko, uzeeni anawaambia vijana pinde ziende juu wapi na chini wapi.

Kuhusu mashangazi mimi siingii, ni ugomvi wa ukoo. Ila waulizwe tu wanapoenda kwenye taarab ya Ikhwani Safaa wanadhani ile sauti nzito inayowabeba chini ya fidla inatoka wapi. Na kijana kama ameshaanza Bata Maji, mwezi mzima apige bila metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, wewe au mama yake mtembee taratibu kutoka mlangoni mpaka dirishani huku mkibadilisha mwendo, naye akufuate kwa upinde, noti ya mwisho iishe unyayo wa mwisho unapotua. Akiweza hilo nitumie rekodi niisikie. Na nyuzi za utumbo asijaribu, masika inakuja.